Saa iliyopotea ufukweni: namna ya kuitafuta kwa ditekta

Pete ya dhahabu ikidondoka mchangani, ditekta nzuri, yaani mashine ya kugundua metali, huipata bila shida kubwa. Saa inasumbua zaidi, na kinachosumbua ni metali yake. Saa nyingi za mkononi ni stenlesi, metali inayopitisha umeme kwa shida. Ndani mna vyuma vidogo vidogo, na mkanda wake ni vipande vilivyogusana kwa kulegea. Ditekta iliyopangwa kutafuta sarafu huihesabu saa kama msumari au kipande cha bati, kisha hunyamaza. Watu hupita juu ya saa mara tatu na kurudi nyumbani na mfuko wa vizibo vya soda.

Anza na maswali

Dakika 15 za kumhoji mwenye saa zina faida kuliko saa nzima ya kupepeta mchanga. Muulize:

Saa ni ya aina gani, na mkanda wake ni wa chuma, ngozi au mpira? Alikuwa ameivaa au aliivua? Kama aliivua, aliiweka kwenye kanga, kiatu au mfuko wa kaptula? Mara ya mwisho aliitazama saa ngapi? Maji yalikuwa yanajaa au yanatoka, naye alisimama kwenye maji ya magotini, ya kiunoni au ya kifuani?

Kila jibu lina eneo lake. Saa iliyovuliwa iko mchanga mkavu, kwa kawaida pale kanga ilipokung'utwa, kwa hiyo tafuta duara la mita 3 au 4 kuzunguka mahali walipokaa. Saa iliyokuwa mkononi mara nyingi hutoka kwa sababu pini ya mkanda imeliwa na chumvi, ikakatika mkono ulipopigwa na wimbi. Hiyo itafute mahali mawimbi yanapovunjikia. Mtu aliyepanda boti kwa kuvutwa mkono, tafuta pale ngazi ya boti iliposhushiwa. Aliyecheza mpira, anza golini, hasa kama yeye ndiye aliyekuwa kipa.

Kisha omba simu yake. Tafuta picha ya mwisho ambayo saa inaonekana mkononi na ya kwanza ambayo mkono ni mtupu. Muda wa picha zote mbili umeandikwa kwenye simu, na nyuma yake huonekana mnazi, paa la hoteli au mnara. Simama mahali ambapo mnazi na paa vinapangana kama kwenye picha, jinsi wavuvi wanavyokumbuka mwamba wao kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu. Alama mbili kwa upande mmoja na mbili kwa upande mwingine zitakupa nafasi ya mita chache. Kumbukumbu ya mtu aliyechanganyikiwa hukosea kwa mita 30 au zaidi.

Kama ni saa janja, jaribu kwanza kuipigia mlio kwa simu ukiwa karibu. Kwenye mchanga mkavu inaweza kuitika. Ikiwa chini ya maji ya chumvi, mawimbi ya redio hayapenyi, hivyo usipoteze muda.

Panga safari kwa maji

Pwani ya Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua. Zanzibar na Mombasa tofauti ya maji wakati huo hupita mita 3, na kupwa kwa bamvua huangukia kama saa nne au saa tano asubuhi, kisha tena usiku. Wakati wa maji mafu tofauti hupungua sana, na sehemu kubwa ya ufuo wa chini haionekani kabisa.

Saa iliyodondoka kwenye maji ya kiunoni wakati yamejaa, nenda kupwa: utaitafuta ukiwa umesimama nchi kavu. Fika saa mbili kabla ya kupwa, ufuate maji yanavyoshuka, na urudi yanapogeuka. Hiyo ni kama saa nne za kazi.

Usingoje bamvua kama kupwa kwa kawaida kunafika eneo lenyewe. Kila maji yanapojaa, saa huzama kidogo. Wimbi hulegeza mchanga chini ya kitu kizito nacho hukaa chini zaidi, mpaka kifike kwenye mchanga mgumu, udongo au tumbawe. Siku ya kwanza saa huwa chini ya vidole vichache tu vya mchanga. Baada ya wiki ya kusi kali inaweza kuwa nje ya uwezo wa mashine yoyote, au juu kabisa, kwa sababu kusi hula mchanga wa fukwe nyingi. Ukikuta ufuo umekatwa na kuacha ngazi ya mchanga, tafuta chini ya ngazi hiyo kabla ya kwingine kote.

Mashine

Ziko za namna tatu, na kwa saa ya baharini tofauti zake ni kubwa.

Ditekta ya masafa mamoja ni nafuu, na kwenye mchanga mkavu inafanya kazi vizuri. Kwenye mchanga uliolowa chumvi hupiga kelele mfululizo, kwa kuwa maji ya chumvi yenyewe hupitisha umeme, na mashine huyasikia kama metali hafifu. Garrett AT Pro, ya kilohezi 15, iko kundi hili: kwenye mchanga mbichi itakubidi upunguze usikivu sana. Hata Gold Monster 1000, ambayo wachimbaji wadogo huifahamu, inatumia kilohezi 45. Hiyo ni nzuri kwa punje za dhahabu za nchi kavu, lakini kadiri masafa yanavyopanda ndivyo chumvi inavyoisumbua. Ukiazimwa ditekta ya machimboni, itumie juu ya mstari wa maji tu.

Ditekta ya masafa mengi kwa pamoja ndiyo ya kazi hii. Minelab Equinox na Nokta Legend ni mifano. Hulinganisha masafa na kuitoa chumvi kwenye hesabu. Equinox 800 na Legend zote zinaruhusiwa kuzama mita 3.

Ditekta ya mapigo haijali chumvi wala mchanga mweusi na hufika mbali chini, ila haikuambii kama ulichokipata ni msumari. Kwenye ufuo safi ni silaha. Kwenye ufuo wa mjini utachimba mpaka jua lizame.

Mchanga nao haufanani. Ule mweupe wa matumbawe wa Paje au Diani hauna madini mengi na mashine hutulia. Karibu na mdomo wa Mto Sabaki, upande wa Malindi na Mambrui, mchanga una madini meusi mazito. Hapo isawazishe mashine na ardhi kila unapobadilisha eneo.

Vifaa vingine ni vichache. Pini-pointa isiyoingia maji, yaani ditekta ndogo ya mkononi ya kuonyesha kitu kilipo shimoni. Koleo la matundu: fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza kwa bati la stenlesi, matundu ya milimita 8 hadi 10, mpini wa bomba wa mita 1.2. Matundu yakizidi hapo kipande cha mkanda kitapita. Chukua pia kamba ya mita 40, vijiti 8, masikio ya waya ya kusikilizia, viatu vya mpira na mfuko wa taka. Masikio yasiyo na waya acha kwa mchanga mkavu. Koili, ile sahani ya chini ya ditekta, ikiwa ndani ya maji hakuna tatizo, kinachoua mawasiliano ni kisanduku cha skrini kuzama.

Mipangilio

Chagua hali ya ufuo. Inua koili juu, bonyeza kitufe cha kuondoa mwingiliano, ngoja itulie. Tafuta kipande cha mchanga kisicho na metali, pandisha na kushusha koili kutoka sentimita 3 hadi 20 huku umeshikilia kitufe cha kusawazisha, mara 6 au 8, mpaka sauti isibadilike. Fanya hivyo kwenye mchanga utakaoufanyia kazi: mkavu kwa mkavu, mbichi kwa mbichi.

Usikivu uanze robo tatu. Mashine ikipiga kelele bila sababu, shusha hatua moja moja. Mashine iliyotulia kwa usikivu mdogo hushinda ile ya juu inayopayuka, kwa sababu sikio likichoka huacha kusikia.

Halafu zima uchujaji wote. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ditekta nyingi huja na kichujio cha chuma kikiwa kimewashwa, na kichujio hicho ndicho kinachoificha saa ya stenlesi.

Jinsi saa inavyosikika

Ditekta huzungusha umeme kwenye uso wa metali na kusikiliza mwitikio wake. Umeme huo unahitaji metali iliyoungana. Mkanda wa chuma una vipande vilivyogusana tu, kwa hiyo kila kipande huitika peke yake, kidogo. Anayesema kwa sauti ni mwili wa saa na kibati cha nyuma. Saa ikilala chali au kifudifudi, utasikia mlio mmoja wa duara, mpana kuliko wa sarafu. Ikisimama kwa ubavu, mlio hugawanyika mara mbili na namba hurukaruka. Ukikutana na mlio wa namna hiyo, zunguka nyuzi 90 uupitie tena. Msumari ukiupitia kwa urefu na kwa upana hubadilika sana au hutoweka. Saa hubadilika lakini haipotei.

Namba kwenye skrini itakudanganya. Stenlesi kwa kawaida husomeka chini, jirani na karatasi ya foili na vipete vya makopo, na vyuma vya ndani huivuta mara kwa mara kuelekea upande wa chuma. Titaniamu nayo hukaa chini. Saa za bei nafuu za shaba nyeupe au aloi ya zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu husomeka juu, kama sarafu. Saa janja yenye mwili wa alumini huitika kwa nguvu. Saa ya plastiki ndiyo mtihani. Chukua Casio F-91W, iliyopo sokoni tangu 1989: mwili wote ni plastiki, na chuma cha maana ni kibati chembamba cha nyuma, betri ya CR2016 na pini. Usitegemee kuisikia chini ya kiganja kimoja cha mchanga, na pitisha koili ikikaribia kugusa ardhi.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, azima saa inayofanana na iliyopotea. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki wenye uzi mrefu, ifukie sentimita 10, kisha 20, kisha 30, ikiwa imelala na ikiwa imesimama, kwenye mchanga uleule. Andika namba na uzoee sauti. Uzi usiusahau, la sivyo utakuwa na saa mbili za kutafuta.

Kupita eneo

Funga mraba wa mita 10 kwa 10 kwa vijiti na kamba, katikati pakiwa pale picha zilipokuonyesha. Gawa njia 8 za mita 1.25. Tembea sambamba na maji, kwa sababu ukipanda na kushuka ufuo unyevu hubadilika na mashine hupotea kila baada ya hatua mbili. Koili iwe sentimita 2 hadi 3 juu ya mchanga, na ibaki hivyo hata mwisho wa mpepeo, yaani kila unapoipitisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kosa la kawaida ni kuiinua pembeni kama mtu anayefyeka majani, na kila ncha ya njia inabaki haijasikilizwa.

Mpepeo mmoja uchukue kama sekunde 3. Koili ya sentimita 28 isogezwe mbele sentimita 14 tu kila mpepeo. Kwa hesabu hiyo njia moja ya mita 10 ina mipepeo 71, karibu dakika tatu na nusu, na mraba mzima ni nusu saa bila kuchimba. Ukimaliza kwa dakika 10, hujaupita. Mzunguko wa pili upite kwa njia panda, kutoka juu kwenda majini, kwa ajili ya saa iliyosimama ambayo upande mmoja haukusikika.

Takataka zina ramani yake. Coco Beach, karibu na wauza mihogo na mishikaki, mchanga umejaa vizibo na vijiti vya mishikaki vilivyotokana na sipoki za baiskeli. Penye madau na ngalawa kuna misumari, ndoana na machubwi ya risasi. Sarafu ya shilingi 500 ya Tanzania ni chuma kilichovikwa nikeli, nayo hurusha namba kama saa. Vichimbe vyote ndani ya mraba wako na kuvitia mfukoni. Kizibo kilichoachwa juu kinaweza kufunika sauti ya saa iliyo chini yake.

Kuchimba bila kuvunja kioo

1. Pata kitovu kwa kupitisha koili kwa alama ya kuzidisha. Mlio mkubwa uko mistari inapokatana.
2. Ingiza koleo sentimita 10 hadi 15 nyuma ya kitovu, kwa mshazari, ili ncha ipite chini ya kitu badala ya kukigonga.
3. Pitisha koili juu ya shimo. Mlio ukiwa umebaki, chota tena. Ukiwa umetoweka, kitu kiko ndani ya koleo au kwenye rundo.
4. Tandaza rundo kwa mguu, na umalizie kwa pini-pointa na vidole.
5. Rudia shimoni hata baada ya kupata kitu. Pini na kipande cha mkanda mara nyingi viko kandokando, na fundi atavihitaji.

Sumaku ya kunasia misumari isikaribie mikono yako wakati huu. Saa ya mashine ikishika usumaku huanza kukimbia kwa dakika nyingi kwa siku, na mwenyewe atadhani bahari ndiyo iliyoiharibu.

Majini, ishia kiunoni, na muwe wawili. Simama ukitazama mawimbi, weka mguu kando ya kitovu kama alama, na chota ukielekeza koleo baharini, kwa kuwa shimo hujaa kila wimbi linapopita. Buruta miguu unapotembea ili samaki taa aliyejifukia ahame badala ya kukuchoma. Paje na Jambiani kuna mashamba ya mwani yenye vijiti na kamba. Usiburute koili humo bila kuzungumza na akina mama wenye shamba. Wao ndio wanaokaa kwenye maji hayo kila kupwa, na huenda saa ilishaokotwa.

Pasipochimbwa

Kabla ya kutoa mashine kwenye begi, jitambulishe kwa uongozi wa hoteli iliyo mbele ya ufuo, na kwa wavuvi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, kama ni bandari yao. Mtu mwenye ditekta huzua uvumi wa hazina mara moja, na salamu za mapema huokoa asubuhi nzima ya maelezo. Ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu au Kisite, zungumza na askari wa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, kwanza. Juu ya mstari wa maji, ukiona nyayo za kasa zilizopanda kama alama za tairi au eneo lililozungushiwa vijiti, acha kabisa. Huenda kuna mayai humo chini.

Fukwe za magofu, Kilwa Kisiwani au Kaole, si za kuchimba ovyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Ukitoa sarafu ya kale au shanga badala ya saa, simamisha kazi na utoe taarifa.

Fukia kila shimo ulilochimba. Watoto hukimbia gizani kurudi nyumbani, na ngamia wa watalii ufukweni hawaangalii chini.

Saa ikipatikana

Usibonyeze kitufe chochote, usiijaze, usivute kitufe cha pembeni kuangalia kama inafanya kazi. Ukikivuta unafungua mlango wa maji. Isuuze polepole kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, ukibadilisha maji mara tatu, kisha ifute. Mchanga usiusugue kwenye kioo.

Tazama ndani ya kioo. Ukiona ukungu au tone, chumvi imeingia na kutu imeanza, hivyo ipelekwe kwa fundi saa siku hiyohiyo. Kama ni ya betri, betri itolewe. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii, maana mchele hauondoi chumvi. Saa iliyoandikwa mita 30 nyuma yake haikutengenezwa kwa kuogelea. Hiyo ichukulie imeingia maji hata kama kioo kinaonekana kikavu.

Kama umeokota saa isiyo ya aliyekuajiri, nayo ina mwenyewe. Iandikishe hotelini au kituo cha polisi, chukua namba ya kumbukumbu. Ukitangaza, onyesha upande wa mbele tu. Mgongo uwe siri yako, na anayedai akutajie kilichoandikwa huko. Seiko, kwa mfano, huchora namba ya tarakimu sita: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, ya pili ni mwezi, ambapo Oktoba ni 0, Novemba ni N na Desemba ni D. Mwenye saa kwa kawaida ana boksi, risiti au picha inayolingana.

Usipoipata, chora mraba uliomaliza kwenye karatasi pamoja na alama zake za minazi na mapaa, andika tarehe na hali ya maji, na upange kurudi bamvua inayofuata uanzie mita 10 upande ule mkondo unakoelekea.